Kupima Chaja na Waya: Vipima Viwili vya Kawaida Hushinda Kimoja cha Ghali

Simu inapochelewa kujaa chaji, washukiwa ni watatu: chaja, waya na simu yenyewe. Fundi asiye na kifaa cha kupimia hubadilisha kimoja baada ya kingine mpaka tatizo liondoke, na gharama ya kubahatisha humwangukia mteja. Kipimaumeme cha USB, kile kifaa kidogo chenye skrini kinachochomekwa kati ya chaja na waya, kinaweza kumaliza ubishi huo kwa dakika chache, kwa kuonyesha volti, ampea na wati zinazopita.

Wanunuzi wengi huvilinganisha vipima hivi kwa idadi ya tarakimu kwenye skrini na kwa wingi wa menyu. Mimi nashikilia kwamba vigezo hivyo vinakuja mwisho. Namba inayosomwa ina maana pale tu unapojua kipima kimekaa sehemu gani ya saketi, kinapima mzigo gani, na kimelinganishwa na nini. Ukiyazingatia hayo matatu, vipima viwili vya bei ya kati vitakueleza mengi kuliko kimoja cha ghali kilichochomekwa ovyo.

Tarakimu si usahihi

Ndani ya kipima mna kikinza kidogo sana ambacho mkondo wote hupitia. Mkondo unapopita, volteji ya upande mmoja wa kikinza hicho huwa juu kidogo kuliko ya upande wa pili. Chipu huipima tofauti hiyo, kisha hukokotoa ampea kwa kanuni ya Ohm. Tuchukue kikinza cha miliomu 10. Ikipita ampea 1, tofauti ni milivolti 10. Zikipita miliampea 10, tofauti ni milivolti 0.1 tu. Ndiyo maana kipima kinachosoma vizuri simu inayovuta ampea 2 kinaweza kuyumba kikipima saa ya mkononi iliyokaribia kujaa.

Mfano mzuri wa kulinganisha ni UM24C na UM25C, vipima viwili vya kampuni ya RDTech ya China vinavyofanana sana kwa sura. Cha kwanza husoma hadi volti 0.01, cha pili hadi volti 0.001. Tofauti kubwa iko kwenye mstari wa usahihi katika maelezo ya kiwandani. UM24C inaruhusiwa kukosea asilimia 0.5 ya volteji, pamoja na hatua mbili za tarakimu ya mwisho. UM25C asilimia 0.05, pamoja na hatua mbili za tarakimu yake ya mwisho. Kwenye volti 5, kosa la juu kabisa la kwanza ni takriban milivolti 45, la pili takriban milivolti 4.5. Kwa anayetaka kujua tu kama chaja inatoa volti 5 au 9, vyote vinafaa. Kwa anayetafuta waya unaopoteza milivolti 100, milivolti 45 za mashaka ni nyingi mno. Kabla ya kununua, soma mstari huo wa asilimia. Usipoupata popote, zichukulie desimali za kwenye skrini kuwa ni makadirio.

Mkondo mmoja kupitia vipima vyote

Kulinganisha vipima kwa kupima simu leo kwa kimoja na kesho kwa kingine hakufai. Simu hubadilisha mahitaji yake kila wakati: skrini ikiwaka huvuta zaidi, betri ikipata joto hupunguza, na betri inapokaribia kujaa mkondo hushuka sana. Unahitaji mzigo usiobadilika. Mafundi wenye uwezo hutumia mzigo wa kielektroniki, unaowekwa uvute ampea unayotaka. Asiye nao atumie kikinza cha omu 5 chenye uwezo wa wati 10: kwenye volti 5 huvuta ampea 1, na viwili vikiunganishwa sambamba huvuta ampea 2. Viwekwe juu ya kigae au bati, kwa kuwa hupata joto la kuunguza.

Kisha vipange vipima kwa mfululizo: chaja, kipima cha kwanza, cha pili, mzigo. Mkondo uleule unapita kotekote, kwa hiyo usomaji unapaswa kukaribiana. Usitarajie ulingane kabisa. Kila kipima hula umeme kidogo kwa ajili ya skrini yake, na kilicho karibu na chaja kinaweza kuhesabu pia ule unaoliwa na mwenzake. Volteji nayo hushuka kila inapovuka plagi. Dawa yake ni kubadilishana nafasi: cha kwanza kiwe cha pili, usome tena, kisha uchukue wastani. Tofauti inayobaki baada ya hapo ndiyo tofauti ya vipima vyenyewe.

Vikikubaliana, bado havijathibitisha kuwa viko sahihi. Vinaweza kukosea kwa pamoja. Mizani ya duka hujaribiwa kwa jiwe la uzito unaojulikana, na kipima nacho kinahitaji jiwe lake. Multimita nzuri inayoaminika inatosha, ikipima volteji palepale kipima kinapopima. Kwa mkondo, usikimbilie tundu la ampea 10 la multimita, kwa sababu waya zake na kikinza chake cha ndani huongeza ukinzani usioujua katika saketi. Ni afadhali uweke kikinza cha omu 0.1 chenye usahihi wa asilimia 1, upime volteji juu yake: milivolti 100 ni ampea 1.

Waya ndiye mshukiwa mkuu

Nyaya za chaji zinazouzwa Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi, hufanana kwa macho, na ganda nene halithibitishi kuwa ndani mna shaba nene. Unene wa shaba hutajwa kwa namba za AWG, na namba ikiwa ndogo waya huwa mnene. Shaba ya AWG 28 ina ukinzani wa takriban omu 0.21 kwa mita. Ya AWG 24 takriban omu 0.084. Umeme huenda na kurudi, kwa hiyo waya wa mita 1 una mita 2 za shaba: omu 0.43 kwa ule mwembamba, 0.17 kwa ule mnene. Kwenye ampea 2, wa kwanza hupoteza karibu volti 0.85, wa pili 0.34.

Chaja ikitoa volti 5.1, kifaa hupokea 4.25 kupitia waya mwembamba na 4.76 kupitia mnene. Kompyuta ndogo ya Raspberry Pi hutoa onyo la upungufu wa umeme volteji ikishuka chini ya takriban 4.63, na simu nyingi hupunguza zenyewe mkondo zinapoona volteji inaanguka. Mteja husema chaja ni mbovu, kumbe karibu wati 2 zinaishia kuupasha waya joto. Hali huwa mbaya zaidi waya ukiwa wa mita 2, au ukiwa wa alumini iliyopakwa shaba juu, maana alumini hukinza zaidi kuliko shaba.

Hapa ndipo vipima viwili vinapoonyesha thamani yake. Kwanza chomeka kimoja moja kwa moja kwenye kingine, weka mzigo wa ampea 2, na uandike tofauti ya volteji zao. Tofauti hiyo ina makosa ya vipima na ukinzani wa plagi zao ndani yake. Kisha weka waya kati yao, mzigo uleule, na uandike tofauti mpya. Toa ya kwanza kwenye ya pili, gawanya kwa ampea, na umepata ukinzani wa waya. Tuseme upande wa chaja unasoma 5.08, upande wa mzigo 4.66, na vikiwa vimeshikana moja kwa moja vilitofautiana 0.04. Waya umekula volti 0.38, kwa ampea 2, ukinzani wake ni omu 0.19. Vipima vyenye mashaka ya milivolti 45 sasa vinatoa jibu la kutegemewa, kwa sababu sehemu kubwa ya kosa lao imeondolewa katika kutoa huko.

UM25C ina kipengele cha kupima ukinzani wa waya kikiwa peke yake, kwa kusoma mara mbili, bila waya na ukiwepo. Hesabu ni ileile, ila inategemea chaja na mzigo visibadilike kati ya usomaji huo. Ukiwa na vipima viwili unaona ncha zote kwa wakati mmoja. Pinda waya karibu na plagi huku ukitazama skrini: volteji ikirukaruka, nyuzi zimeanza kukatika.

Chaja zinazozungumza

Njia ya kupunguza umeme unaopotea kwenye waya ni kupandisha volteji. Wati 18 kwenye volti 9 ni ampea 2. Kwenye volti 5 zingekuwa ampea 3.6. Ndivyo ilivyo USB Power Delivery, yaani PD: chaja na kifaa hukubaliana volti 5, 9, 15 au 20, hadi wati 100. Mwaka 2021 ziliongezwa volti 28, 36 na 48, na kikomo kikafika wati 240. Mazungumzo hayo hupita katika njia ya CC ya plagi ya USB-C. Kipima kisichounganisha njia hiyo huikata PD, na chaja ya wati 65 inaweza kuonekana inatoa volti 5 tu. Chaja haina kosa. Kipima ndicho kilichokatiza mazungumzo. Angalia pia kikomo cha volteji: UM25C huishia volti 24, hivyo haina kazi kwenye volti 28.

Vipima kama FNIRSI FNB58 na POWER-Z KM003C husoma mazungumzo ya PD na huonyesha volteji zote ambazo chaja inazitangaza. Husoma pia chipu iliyo ndani ya waya, ambayo kiwango cha USB-C kinaidai kwa waya wowote wa kupitisha zaidi ya ampea 3. Hiyo ni sababu halali ya kulipa zaidi. Lakini chipu hutoa tangazo tu. Ikisema ampea 5, haijapima shaba. Pima ukinzani hata hivyo. Na ukitumia kipengele cha kuiamuru chaja itoe volti 20, hakikisha kilichounganishwa mbele ni mzigo na si simu: kifaa kilichotarajia volti 5 kinaweza kuungua hapohapo.

Mhandisi wa Google, Benson Leung, alionyesha mwaka 2015 na 2016 kwa nini nyaya zichunguzwe kabla ya kuaminiwa. Alinunua nyaya za USB-C zilizokuwa zikiuzwa Amazon, akazipima moja moja na kuchapisha matokeo. Nyingi za zile za USB-A kwenda USB-C zilikuwa na kikinza cha omu elfu 10 mahali pa elfu 56, kosa linaloifanya simu iamini kuwa inaruhusiwa kuvuta ampea 3 hata kutoka tundu dogo la kompyuta. Waya mmoja, uliounganishwa kinyume ndani, uliharibu kompyuta yake ya Chromebook Pixel pamoja na vifaa vyake vya kupimia. Machi 2016 Amazon ilipiga marufuku nyaya za USB-C zisizofuata kiwango. Kwa fundi, funzo ni moja: waya mgeni uanze na mzigo wa bei ndogo, kifaa cha mteja kifuate.

Pawabenki: hesabu wati-saa

Malalamiko mengi dhidi ya pawabenki hutokana na kusoma kipimo kisichofaa. Pawabenki ya miliampea-saa 10,000 huhesabiwa kwa betri ya volti 3.7, yaani wati-saa 37. Ikitoa volti 5 bila upotevu wowote, kipima kitahesabu miliampea-saa 7,400. Ikitoa volti 9, takriban 4,100. Umeme ni uleule. Saketi ya kupandisha volteji nayo hula sehemu yake, kwa hiyo usomaji wa 6,500 kwenye volti 5 si wizi. Tazama wati-saa: zikifika 32 kati ya 37, pawabenki hiyo ni nzuri.

Kisichoonekana kwenye skrini

Kipima cha USB huonyesha wastani. Mawimbi ya haraka ya volteji, yale yanayoweza kuivuruga skrini ya mguso simu ikiwa kwenye chaji, yanahitaji oskiloskopu. Mwaka 2012 Ken Shirriff wa Marekani alichunguza chaja kumi na mbili kwa vifaa vya maabara, na zile bandia zikaonekana kutoa umeme mchafu. Hatari kubwa zaidi iko upande wa volti 230. Chaja yenye utando dhaifu kati ya umeme wa ukutani na tundu la USB inaweza kusoma volti 5.05 safi kabisa, na siku moja ikamuua mtu. Hakuna kipima cha USB kitakachoigundua, kwa hiyo usomaji mzuri usichukuliwe kuwa cheti cha usalama.

Ninachopendekeza

Fundi wa simu anunue vipima viwili vya aina moja vyenye usahihi ulioandikwa, njia ya CC iliyounganishwa na matundu ya USB-A na USB-C, pamoja na mzigo usiobadilika. Kipima cha kusoma mazungumzo ya PD kifuate baadaye, kompyuta za mkononi zitakapoanza kuja mezani kwa wingi. Mtumiaji wa kawaida anatosheka na kimoja, mradi ajue kwamba kikiwa upande wa chaja kinaipima chaja, na kikiwa mwisho wa waya kinapima vyote viwili. Na kila waya utakaopimwa ubandikwe karatasi yenye ukinzani wake na ampea zilizotumika. Fundi atakayefanya hivyo ataweza kumwonyesha mteja kwa namba ni kipi cha kubadilisha, na mteja atalipia hicho tu.