Mgeuze Tumwone Kisogo

Siku hizi kila simulizi ya mtandaoni ina picha zake za akili mnemba, na kila picha ina watu wa kuisifia. "Umetisha", "hatari sana", "kama filamu kabisa". Kinachosifiwa ni nini hasa? Msichana anayeuza mihogo Mbagala Rangi Tatu anaanza kisa akiwa na uso wa duara na msuko wa twende kilioni wa mistari sita. Akifika Tandika kwa mjomba wake, mistari imekuwa tisa. Usiku akilia amekonda, amekuwa mweupe kwa mkorogo ambao kisa hakikuutaja, na umri wake ni wa dada yake mkubwa. Hao ni wasichana watatu waliopewa jina moja. Anayeipongeza kazi hiyo amesifia ngozi inavyong'aa na jua linavyozama, yaani ameisifia mashine, si fundi. Picha moja nzuri hata bahati inaweza kuitoa. Fundi hupimwa kwa picha ya pili, na zaidi kwa ya kumi na mbili.

Kuyumba huko kuna sababu yake. Modeli za difyusheni, kama Stable Diffusion iliyotolewa Agosti 2022, huanza na chengachenga tupu na kuzisafisha hatua kwa hatua hadi picha itokee. Kila ombi ni safari mpya, na iliyotangulia haikumbukwi. Prompti, hata iwe ndefu kama wosia, inataja aina ya mtu, haimtaji mtu. Kushikilia sidi ileile, yaani namba inayoanzisha chengachenga, kunasaidia mpaka pale unapombadilishia mhusika mkao, kisha naye anabadilika. Ndiyo maana mwaka huohuo wa 2022 watafiti wa Google walileta DreamBooth, inayoifundisha modeli mtu mmoja kwa picha tatu hadi tano. Wengine wakashika LoRA, njia nyepesi ya kuifunza modeli. Machi 2024 Midjourney ikaruhusu kumleta mhusika kwa picha rejea. Na Agosti 2025 ikaja Gemini 2.5 Flash Image, ambayo wengi wanaijua kwa jina la utani la Nano Banana. Zana hizi zimeutibu uso kwa kiasi kikubwa, na hapo ndipo watazamaji walipolala usingizi.

Anayetaka kujifunza kutazama auache uso, aombe kisogo. Wahenga walisema akupaye kisogo si mwenzio. Katika kazi hii wa kuogopwa ni yule asiyeweza kukupa kisogo. Picha rejea karibu zote ni za mbele, mhusika akikodoa macho kama anapigwa picha ya pasipoti. Mashine inanakili ilichoonyeshwa. Isichoonyeshwa inakibuni, na kila ukiiomba inakibuni upya. Kwa hiyo uso unaweza kuwa uleule katika picha ishirini huku kisogo kikiwa cha watu ishirini. Mtazame yule muuza mihogo anavyopanda daladala. Twende kilioni huanzia kwenye paji la uso, lakini huishia kisogoni, na namna inavyoishia ndiyo inayomtambulisha mtu: mikia imeachwa ining'inie, imekusanywa ikafungwa, au imekunjwa ikafichwa kwa ndani? Njia zimenyooka, au zinapinda kidogo kuelekea sikio la kushoto? Msusi wa Kinondoni hufanya kazi saa nzima akiwa nyuma ya mteja. Uso anauona wakati wa kusalimiana na wakati wa kulipwa, katikati hapo anamjua mtu kwa kisogo. Kisha shuka hadi shingo, masikio yanavyojitokeza yakitazamwa kwa nyuma, na bega moja lililolala kwa miaka ya kubeba beseni. Chini yake ndipo kuna kanga, na kanga kwa mbele ni rangi, kwa nyuma ni maneno. Pindo na mji mashine huweza kuvikaribia. Jina, yaani maneno hayo, ndilo linaloiumbua: linatoka kama herufi za lugha isiyo na wenyewe, au linasomeka leo na kesho limekuwa jingine, kwa sababu hakuna aliyeiambia mashine likae. Mwanamke wa Temeke hajifungi kanga isiyosomeka. Jina huchaguliwa kwa kumlenga mtu, na mlengwa hulisoma mvaaji akishampita. Mhusika ambaye jina la kanga yake linabadilika kati ya mlangoni na bombani amegombana na majirani wawili bila mwandishi kuwa na habari.

Kipimo hiki hakikuanza na kompyuta. Studio ya Walt Disney ilikuwa na idara nzima ya wahusika katika miaka ya 1930, chini ya Joe Grant, na idara hiyo ilifinyanga sanamu ndogo ili wachoraji wamzunguke Pinocchio kabla ya kumchora. Mickey, tangu 1928, anatufundisha jambo gumu zaidi: masikio yake hubaki miduara miwili hata ageuze kichwa upande gani. Kimaumbile ni uongo, lakini ni uongo ulioamuliwa mara moja na kushikiliwa, na uthabiti ni huo: uamuzi unaoshikiliwa. Hapa kwetu shule ilikuwa gazeti la katuni la Sani, lililochota jina lake kwa Saidi Bawji na Nicco ye Mbajo. Philip Ndunguru, mmoja wa mikono mikubwa ya gazeti hilo, alifariki mwaka 1986, bado kijana. Wahusika wa Sani, Ndumilakuwili, Lodi Lofa, Madenge na Pimbi, hawakuzikwa naye; waliendelea kuchorwa na mikono mingine, na msomaji aliwajua kabla hajasoma neno. Kalamu imebadilika, wino umebadilika, karatasi ni ile mbaya ya kunyonya rangi, na Madenge ni Madenge. Leo mashine ni ileile, mwenye simu ni yuleyule, na mhusika anabadilika kati ya mchana na jioni.

Wadanganyifu nao wana ufundi wao. Yuko anayemvisha kila mhusika miwani ya jua. Yuko wa jua la machweo, ambaye kila kitu kwake ni rangi ya asali ili weusi wa ngozi usipimike. Yuko anayekata kila picha mabegani, na anayetoa picha arobaini akaonyesha nne zinazofanana. Kificho si kosa chenyewe: Hanna-Barbera walimvisha dubu wao Yogi kola ili kichwa kichorwe upya na mwili ubaki palepale, na kola hiyo ikawa sehemu ya Yogi. Miwani ya jua haijawahi kuwa sehemu ya mtu. Hiyo ni kanuni, haina mjadala.

Watasema mtazamaji hajali, anasikiliza kisa huku akimenya vitunguu. Kama hajali, ziondolewe picha zibaki sauti. Redio iliwatosha wazazi wetu. Ukweli ni kwamba anajali bila kujua anachojali. Wanawake wawili wakiingia katika onyesho moja, mke na nyumba ndogo, anapotea, kisha analaumu kisa kwamba hakieleweki. Watasema pia kwamba katuni za mkono nazo zilibadilika. Zilibadilika, ndiyo, kwa miaka, kama mtu anavyozeeka. Kubadilika kati ya picha mbili za siku moja si uzee. Hoja yenye uzito ni ya tatu, kwamba zana mpya zitamaliza yote haya. Kwa sehemu ni kweli: ukiifunza LoRA mhusika kwa mbele, ubavu na nyuma, kisogo kinakaa. Lakini lazima awepo mtu aliyekwishaamua kisogo hicho kikoje, na uamuzi huo hauuzwi pamoja na programu. Katika picha ishirini za kufunzia, tano ziwe za nyuma. Nne ni chache.

Mwisho, uthabiti usichanganywe na kuganda. Msuko wa wiki ya kwanza una njia nyeupe, safi. Wiki ya tatu vinyweleo vimechomoza, njia zimefifia, na mstari wa karibu na sikio umeanza kulegea kwa kulalia upande mmoja. Wiki ya sita anafumua, anatoka na nywele zenye mawimbi kwa siku moja, kisha anasukwa tena na msusi yuleyule, mistari sita, ikipinda kidogo kuelekea sikio la kushoto.