Viti vya Nyumba ya Karen Blixen

Msomaji, ukikaa Lavington, mahali ambapo mapadre wa misheni ya St. Austin walilima kahawa kabla ya mtaa kujengwa, huna safari ndefu ya kwenda kuona jinsi mlowezi wa kahawa alivyoishi. Shika njia ya Ngong mpaka Karen. Hapo ipo nyumba ya mawe aliyoijenga Mswidi Åke Sjögren mwaka 1912. Karen Blixen, mwandishi wa Denmark, alikaa humo tangu 1917 hata 1931. Kenya ilipopata uhuru, serikali ya Denmark iliitoa kuwa zawadi, na mwaka 1986 ikafunguliwa kuwa makumbusho.

Vyumba vimepangwa kwa adabu, hata utadhani mwenye nyumba ametoka kidogo tu bustanini. Hapo ndipo penye lawama yangu. Shamba lilipofilisika, vyombo vyake viliuzwa. Vingine vilinunuliwa na Lady McMillan, na baadhi ya vitu vya asili vimerudi nyumbani. Lakini vingine havikuwa vya Blixen kamwe: vilitumiwa katika filamu ya mwaka 1985 iliyosimulia maisha yake, kisha vikapewa makumbusho. Basi kitu cha mwenye nyumba na kitu cha mchezaji wa filamu vyakaa chini ya dari moja, navyo vyatazamwa kwa heshima moja. Jicho pekee halitakusaidia, maana seremala hodari huiga kila kitu. Usione haya kumwuliza kiongozi wako, mbele ya kila kiti, "Hiki kilikuwa cha nani?"

Na jikoni usipite kama mtu aliyekosea mlango, ijapokuwa wageni wengi hufanya hivyo. Kwa maoni yangu, hapo ndipo penye uhai wa nyumba hii. Kamante Gatura, kijana wa Kikuyu aliyeugua vidonda vya miguu akatibiwa, alijifunza upishi wa Kizungu mpaka akasifiwa na wageni, ingawa mwenyewe hakuvipenda vyakula hivyo. Mwaka 1928 mtoto wa mfalme wa Uingereza alikula mezani hapo, na mpishi alikuwa Kamante.

Simama pale jikoni, kisha uhesabu hatua mpaka meza ya chakula, ukijidhania umebeba bakuli la mchuzi wa moto usiku, na nje mvua inanyesha.