Anayemsemea Starr

Kusoma riwaya nzima kwa sauti, saa kumi na zaidi, bila msikilizaji kuchoka, ni ufundi unaostahili heshima ileile tunayompa mwigizaji wa jukwaani. Kwa maoni yangu, ufundi huo hujaribiwa zaidi katika riwaya za vijana. Nyingi ya riwaya hizo husimuliwa kwa nafsi ya kwanza, na kijana anayejieleza hujulikana zaidi kwa namna anavyosema kuliko kwa yale anayoyasema: anaposita, anapojitutumua, anapouficha woga kwa ujeuri. Mambo hayo chapa huyadokeza tu.

Chukua The Hate U Give, riwaya ya Angie Thomas ya mwaka 2017. Starr Carter, msichana wa miaka 16, anaishi Garden Heights, mtaa wa Wamarekani Weusi, lakini anasoma Williamson, shule ya kulipia iliyojaa Wazungu. Akifika shuleni huyachuja maneno yake yote asije akadharauliwa kuwa mtoto wa uswahilini. Katika kitabu tunaarifiwa kwamba anachuja. Kwa Bahni Turpin, aliyeisoma riwaya hiyo studio, tunasikia mchujo wenyewe. Sauti ya nyumbani imelegea, ya shuleni imebanwa. Polisi anapomuua Khalil, rafiki yake Starr, kuzitenga sauti hizo mbili kunazidi kumshinda, na ni msomaji anayepaswa kutusikilizisha hilo hatua kwa hatua. Chama cha Maktaba cha Marekani kiliipa rekodi hiyo Tuzo ya Odyssey mwaka 2018, na kilistahili kuipa. Elizabeth Acevedo naye aliisoma mwenyewe The Poet X, riwaya yake ya kishairi ya mwaka 2018. Alikuwa mshairi wa jukwaani kabla ya kuwa mwandishi wa riwaya, na pumzi zake zinajua mshororo unakatika wapi. Sisi tuliorithi tenzi hatuna haja ya kushawishiwa: utenzi usioghanwa umepungukiwa.

Wapo wasemao kusikiliza ni uvivu, si kusoma. Kweli, sikio halifundishi tahajia, na anayejifunza kuandika hana budi kushika kitabu. Lakini kufuata msuko wa hadithi, kupima tabia za wahusika na kukumbuka lililosemwa sura tano nyuma ni kazi ya akili, na sikio haliipunguzi. Wengine hudai kwamba sauti ya mtu humpokonya msikilizaji uhuru wa kuwaza. Msomaji mbaya hufanya hivyo, yule anayeigiza kila kilio. Msomaji mahiri hujizuia. Hudokeza tofauti ya wahusika kwa kubadili kasi kidogo, kisha hutuachia nafasi. Ninachokubali bila ubishi ni kwamba vipo vitabu vinavyohitaji jicho. Monster ya Walter Dean Myers, yenye picha na kurasa zilizochapwa mfano wa mwandiko wa mkono, ni kimojawapo.

Siku Njema ya Ken Walibora, iliyotoka mwaka 1996, haimo katika kundi hilo. Kongowea Mswahili anasimulia maisha yake kwa kinywa chake, na mama yake alikuwa mwimbaji wa taarabu Tanga. Wachapishaji wetu, zirekodini riwaya za namna hii. Mtafuteni msomaji anayeijua lafudhi ya Tanga, mpeni muda wa kuisoma kazi yote kabla ya kuingia studio, mlipeni kama msanii, na jina lake mlichapishe jaladani chini ya jina la mwandishi.