Mwili wa Kuazima: kuhusu Synthetic Men of Mars

Mfululizo ukifika kitabu cha tisa, msomaji anajua mapema kitakachotokea. Edgar Rice Burroughs alianza visa vyake vya Mirihi, sayari ambayo wenyeji wake wanaiita Barsoom, mwaka 1912 katika jarida la All-Story. Kufikia 1939, Synthetic Men of Mars ilipotoka kwa sehemu katika jarida la Argosy, mapishi yalikuwa yaleyale: binti mrembo katekwa, shujaa kachomoa upanga, wanatoroka, wanakamatwa tena. Ndiyo maana wengi hukiruka. Mimi nasema msikiruke.

Kisa chenyewe ni hiki. Dejah Thoris, mke wa John Carter, ameumia vibaya katika ajali ya vyombo vya angani. Wa kumponya ni mmoja tu, Ras Thavas, yule mpasuaji wa The Master Mind of Mars. Carter anaondoka na afisa kijana, Vor Daj, ambaye ndiye msimulizi wetu. Wanamkuta Ras Thavas huko Morbus, katikati ya vinamasi, akiwa mateka wa viumbe aliowaotesha mwenyewe kwenye matangi. Mahormadi hao wametoka hovyo hovyo: jicho haliko mahali pake, mkono huu mrefu kuliko ule. Mmoja wao jina lake ni namba tu: Tor-dur-bar, yaani milioni nne na nane.

Hapo ndipo kitabu kiliponikamata. Vor Daj anampenda Janai, mateka mwenzake, na ili aweze kumlinda anakubali ubongo wake uhamishiwe kwenye mwili wa Tor-dur-bar. Hebu fikiria: unampenda mtu, unamwokoa kila uchao, naye akikutazama anaona zimwi. Utamwambia wewe ni nani, au utanyamaza? Tunasema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Burroughs kaugeuza mkakasi: mti uko nje.

Kuna pia lile tangi lililoharibika. Nyama hai inafura, inajila yenyewe, inamwagika, na inatishia kuifunika sayari nzima mpaka meli za angani za Helium zije na mabomu. Kusema kweli, inatisha hadi leo.

Lakini mwandishi anaogopa swali lake mwenyewe. Vor Daj anarudishiwa mwili wake mzuri, na mapenzi hayajaribiwi tena. Naye Dejah Thoris amelala karibu kitabu kizima kama mzigo unaongoja kutolewa bandarini. Hilo linaudhi.

Usianze mfululizo na kitabu hiki. Anza na A Princess of Mars. Ila ukifika hapa, mwangalie Tor-dur-bar. Vor Daj aliazima sura mbaya kwa muda, akijua yake inamngoja. Yule mwenye namba alizaliwa nayo, na alichoomba ni kimoja tu: mwili wa mtu.