Injili ya Mathayo na Taurati: Hoja Inayohitaji Kusahihishwa

Wahadhiri wetu wa kulinganisha dini wameizoea sana Mathayo 5:17. Huisoma hadharani, pale Nabii Isa (a.s.) anaposimuliwa akisema kuwa hakuja kuitangua Taurati, kisha huhitimisha: Injili hii iliandikwa kwa Kiebrania, Wakristo wakaificha. Nusu ya kwanza ya hoja hii ina nguvu. Nusu ya pili ni dhaifu, na anayeitoa mbele ya mchungaji aliyesoma hujitia aibuni bure.

Kwamba kitabu hiki kina asili ya Kiyahudi, hilo halina shaka. Kinaanza kwa nasaba, kutoka Ibrahim (a.s.), vizazi 14 mara tatu. Anayejua abjadi ataelewa upesi kwa nini wengi wanaiona hapo ishara ya Daud (a.s.): jina lake kwa Kiebrania, bila alifu, ni 4, 6 na 4.

Lakini ushahidi mzito, ndugu msomaji, umo katika fiqhi. Fungua Marko sura ya 7 na Mathayo sura ya 15. Kisa ni kimoja: Mafarisayo wanalalamika kuwa wanafunzi wanakula bila kunawa mikono. Marko inawafafanulia wasomaji wake desturi hiyo. Mathayo haifafanui, kwani wasomaji wake waliijua. Kisha Marko 7:19 inaongeza maneno ambayo wengi wameyafahamu kuwa yanahalalisha vyakula vyote. Mathayo haina maneno hayo. Inakifunga kisa kwa kunawa mikono tu. Tena Marko 13:18 inawataka waombe kukimbia kwao kusiwe wakati wa baridi. Mathayo 24:20 inaongeza, wala siku ya Sabato. Watafiti wengi wanakiweka kitabu hiki baada ya Hekalu kubomolewa mwaka 70, na bado kinawasemesha watu ambao Sabato ni hukumu hai kwao.

Ama suala la Kiebrania, tegemeo lake ni Papias wa karne ya pili, ambaye kauli yake imetufikia kupitia Eusebius wa karne ya nne. Huyo alisema Mathayo alikusanya semi kwa lugha ya Kiebrania. Lakini kitabu tulichonacho ni cha Kigiriki, kimechukua sehemu kubwa ya Marko, pengine neno kwa neno. Hata Isaya katika 1:23 kinamnukuu kwa neno la tafsiri ya Kigiriki lenye maana ya bikira, ilhali Kiebrania kinasema msichana. Na ile Mathayo ya Kiebrania aliyoichapisha George Howard mwaka 1987 imetoka katika kitabu cha Myahudi wa karne ya 14, aliyekuwa akijibizana na Wakristo.

Hiyo nusu ya kwanza nayo ina mpaka wake. Katika Aal Imran aya ya 50, Isa (a.s.) anasadikisha Taurati na pia anahalalisha baadhi ya yaliyoharamishwa. Anayeisoma Mathayo 5:17 kana kwamba hakuna hukumu hata moja iliyoguswa ameipita aya hiyo. Na hiyo sura ya 5 yenyewe, akiendelea nayo hadi kwenye talaka, viapo na kisasi, haitamuunga mkono.