Mstari Uliokatwa Pande Mbili

Kila mwaka, mitihani ya kidato cha nne inapokaribia mwezi Novemba, sharika zetu nyingi hutenga Jumapili ya kuwaombea watahiniwa. Vijana huitwa mbele, hupiga magoti, na mchungaji huwawekea mikono. Siku hizi wengine huja na kalamu na rula zao ziombewe pia, na juu ya rula utaona kibandiko kilichoandikwa Wafilipi 4:13. Ni ule mstari ambao Paulo anakiri kwamba hakuna linalomshinda kwa kuwa Kristo humtia nguvu. Wapo wanaouandika kwenye jalada la daftari la hesabu, na wapo wanaouandika kwenye kiganja.

Sisi wenyewe tumeongoza ibada hizo kwa miaka mingi, na tutaendelea kuziongoza. Mtoto anayeogopa aombewe. Tunachotaka kukichambua hapa ni fundisho lililodandia sala hizo kama mtu anavyodandia lori lililokwisha kuondoka: kwamba kufaulu ni suala la kujiamini, na kwamba imani ni jina la Kikristo la kujiamini huko.

Fundisho hilo lina vitabu vyake. Baada ya ibada huwekwa mezani nje ya kanisa, karibu na kalenda za dayosisi na mikungu ya ndizi inayosubiri mnada. Tumesoma kadhaa, vya kutafsiriwa na vya kuandikwa hapa nchini. Haki itendeke: nusu ya kwanza ya kitabu cha namna hiyo mara nyingi ni nzuri. Humwambia kijana apange ratiba na asingoje wiki ya mwisho. Humwambia afunge daftari na kujaribu kuandika upya alichosoma, badala ya kukipitishia macho mara ya tano na kudhani amekijua. Afanye mitihani ya miaka iliyopita kwa kufuata saa. Amfundishe mwenzake mada ngumu. Alale. Mwalimu yeyote mzuri angeyasema hayo bure, na bibi zetu waliyasema zamani juu ya palizi.

Tatizo huanza katikati ya kitabu, pale mbinu inapogeuka kuwa dini. Hapo msomaji huambiwa ajione tayari ameshafaulu, abandike ukutani alama anazozitaka, ajitamkie kila asubuhi kwamba yeye ni mshindi, na ajitenge na watu wenye mawazo ya kushindwa. Aliyefaulu alitaka. Aliyeshindwa hakutaka vya kutosha.

Ukifuatilia lugha hii inakotoka, moja ya njia itakufikisha kwa mchungaji. Norman Vincent Peale alianza kulihudumia kanisa la Marble Collegiate mjini New York mwaka 1932, na mwaka 1952 alitoa The Power of Positive Thinking, kitabu kilichouzwa kwa mamilioni. Sura yake ya kwanza inahusu kujiamini, na miongoni mwa maagizo yake ni kuurudia mstari huu wa Wafilipi mara kumi kila siku. Peale hakuwa tapeli. Aliwaandikia watu waliojaa hofu, na yeye mwenyewe alikuwa amekua mtoto mwenye haya. Lakini tazama Paulo alivyokuwa mikononi mwake: mstari umekuwa kidonge, kutwa mara kumi, na kazi yake ni kumpa mnywaji uhakika juu ya nafsi yake.

Basi tufungue barua yenyewe. Paulo anaandika akiwa kifungoni. Hajui kama ataachiwa au atauawa. Sura ya kwanza inasema wazi kwamba anazipima njia zote mbili. Wakristo wa Filipi wamemtuma Epafrodito na msaada, na katika sura ya nne Paulo anawashukuru. Katika mstari wa 12 anawaeleza kwamba amejifunza kuishi katika hali zote: anajua kupungukiwa na anajua kuwa na vingi, anajua kushiba na anajua njaa. Ndipo unapofuata ule wa 13. Yale yote anayoyaweza ameshayataja sentensi moja nyuma, na njaa imo ndani yake.

Kisha unakuja mstari wa 14, ambao hatujawahi kuuona kwenye rula ya mtu yeyote. Hata hivyo, anasema Paulo, mlifanya vema kushiriki taabu yangu. Mtu aliyetoka kusema kwamba anaweza kila kitu hapo hapo anawashukuru waliomletea mahitaji.

Mstari wetu basi umekatwa pande mbili. Upande wa juu tumeondoa njaa, upande wa chini tumeondoa majirani. Kilichobaki katikati ni mtu mmoja aliyesimama peke yake na nguvu zake, na huyo ndiye vitabu vile vinamhitaji. Paulo hamjui.

Mtu atatujibu kwamba mtihani si kifungo. Mtihani hupima juhudi, na mwenye juhudi hupata. Laiti ingekuwa rahisi hivyo. Wengi wetu tunakumbuka matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, yaliyotangazwa Februari 2013. Zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata daraja sifuri. Nchi ilitikisika, tume ikaundwa, matokeo yakafutwa na kupangwa upya, na ilipofika Mei ufaulu ulikuwa umepanda kutoka kama theluthi moja hadi zaidi ya asilimia 40. Wapo vijana waliokuwa na sifuri mwezi Februari na cheti mwezi Mei bila kushika kalamu tena. Katika miezi ile mitatu, ni wangapi walioambiwa nyumbani, au kanisani, kwamba hawakutaka vya kutosha?

Hapa tuna jambo la kukiri. Katika usharika mmoja tuliowahi kuutumikia, tulikuwa na desturi ya kusoma matokeo wakati wa matangazo. Tulianza na daraja la kwanza, mtoto akasimama, wazazi wakasimama, vigelegele vikapigwa. Daraja la pili vivyo hivyo. La tatu makofi yakapungua. Kisha tulisema, kwa sauti ya upole ambayo tuliidhani ni ya kichungaji, kwamba wengine tuendelee kuwaombea. Kila mtu kanisani aliwajua hao wengine ni nani. Mmoja wao alikuwa kwenye safu ya nyuma ya kwaya siku hiyo, amevaa joho, hana pa kujificha. Oktoba alikuwa katika semina yetu ya vijana, na tulikuwa tumemfundisha kuukariri ule mstari.

Alipoacha kuja kwaya tulidhani amesafiri. Mwezi Machi tulikwenda nyumbani kwao. Alitukaribisha vizuri, akatuletea kiti, na baada ya chai akauliza, bila hasira, "Baba Mchungaji, mimi niliusema kila asubuhi. Kuna mahali nilikosea kuusema?"

Tulijibu haraka kwamba Mungu ana mpango mwingine kwa ajili yake. Hatudhani kwamba alitusikia, na sisi wenyewe hatukupenda tulivyojisikia. Kijana yule alikuwa amefuata mafundisho yetu kuliko tulivyoyafuata sisi. Kama mstari ni dawa na ugonjwa haukupona, ama dawa ni mbovu ama mgonjwa hakuimeza sawasawa, na yeye kwa heshima aliyokuwa nayo kwa Neno la Mungu alichagua kujilaumu.

Tangu Januari 2023, Baraza la Mitihani la Tanzania limeacha kutangaza shule kumi bora na watahiniwa bora kitaifa. Inastaajabisha kwamba ofisi ya serikali iliacha kupanga watoto kwa ngazi huku sisi, tunaohubiri wokovu kwa neema, tukiendelea kuwapanga mbele ya madhabahu.

Kwa Walutheri jambo hili lingepaswa kuwa wazi kuliko kwa wengine, kwa sababu baba yetu wa imani alikuwa mwanafunzi wa namna hii hasa. Martin Luther aliingia Chuo Kikuu cha Erfurt mwaka 1501. Katika shahada ya kwanza, mwaka 1502, alikuwa wa 30 kati ya 57. Nafasi ya katikati, kama ya watoto wengi wetu. Alipiga msuli. Mwanzoni mwa 1505 alipata shahada ya uzamili akiwa wa pili kati ya 17, na baba yake, Hans, aliyetaka mwanasheria katika ukoo, alijawa na fahari. Miezi michache baadaye kijana huyo aliingia monasteri, na huko akajisomea wokovu kama alivyosomea shahada: kukesha, kufunga, kuungama kwa saa nyingi, kisha kurudi kuungama alichosahau. Bidii iliyompa nafasi ya pili kati ya 17 ilimpeleka karibu na kukata tamaa. Alipofunguliwa, alifunguliwa na habari kwamba Mungu hamkubali mtu kwa alama zake.

Wazazi wengine huogopa hapo. Tukiwaambia watoto hivyo, si wataacha kusoma? Luther hakuacha. Mwaka 1524 aliwaandikia madiwani wa miji ya Ujerumani akiwahimiza wafungue shule za Kikristo, za wavulana na za wasichana pia, na mwaka 1530 alitoa hotuba ndefu ya kuwasihi wazazi wasiwatoe watoto shuleni. Humo anasema jambo ambalo lingefaa kusomwa Jumapili ya watahiniwa: kwamba yeye pia alikuwa mmoja wa wale wanafunzi waliopita milangoni wakiomba mkate, hasa alipokuwa Eisenach. Kabla ya shahada ya mtu yule kulikuwa na watu waliofungua mlango. Ni mstari wa 14.

Na usharika wa Kitanzania unaujua mstari wa 14 vizuri, hata kama hauunukuu. Mtoto wa mjane hufika kidato cha tano kwa sababu umoja wa wanawake ulinunua godoro na sanduku, mzee mmoja wa kanisa alitoa nauli, na mwalimu wa shule ya kata alibaki jioni kumfundisha fizikia bila malipo ya tuisheni. Akifaulu, vitabu vya mezani vitamwambia kwamba alijiamini.

Kijana wetu wa kwaya alijiunga na chuo cha ufundi mwaka uliofuata. Hatulisemi hilo kama ushuhuda wa mwisho mwema. Alikwenda kwa sababu mjomba wake alimlipia ada, na hadi leo kanisani haji mara kwa mara. Lakini baada ya ziara ile tulipeleka pendekezo kwenye baraza la wazee: kila Januari majina ya watahiniwa wote yasomwe kwa alfabeti, bila madaraja, pamoja na majina ya waliowasaidia, na wote wasimame.

Wazee walikubali, isipokuwa mmoja. Alikuwa amewalipia watoto watatu wa watu wengine kwa miaka mingi, naye alisema, "Mchungaji, mimi sitaki kusomwa. Ila nilipenda kusikia kwamba yule wa kwanza alipata daraja la kwanza. Hilo nalo mtaninyima?" Tulinyamaza kidogo. Mwishowe tulikubaliana kwamba mtoto mwenyewe ataenda kumwambia nyumbani kwake, na Januari iliyofuata walikwenda wote watatu, yule wa sifuri akiwa wa kwanza kubisha hodi.