Studio ya Panzi

Katika studio nyingi za Bukavu biti hutangulia. Kijana anafika na maneno yake kwenye simu, fundi anampigia mapigo matatu manne, yeye anachagua moja na kuimba juu yake. Kazi inakwenda haraka, na nyimbo nzuri zimetoka kwa njia hiyo. Huko Panzi ipo studio inayofuata njia ndefu zaidi, na hiyo njia ndefu ndiyo ninayoiheshimu.

Panzi ni mtaa ulio katika komini ya Ibanda, upande wa kusini wa mji. Hospitali yake, iliyo chini ya kanisa la Kipentekoste la CEPAC, ilianzishwa na Daktari Denis Mukwege mwaka 1999, na dunia iliijua zaidi alipopewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018. Ubavuni mwa kazi ya hospitali ipo Maison Dorcas, nyumba ya wanawake waliokwisha kutibiwa lakini bado hawajaweza kurudi kwao. Jina limetoka katika Matendo ya Mitume: Dorkasi wa Yafa, aliyewashonea wajane kanzu. Kushona kunafundishwa humo kweli, pamoja na kusoma, kuandika na kazi nyingine za mikono. Tangu mwaka 2015 kumeongezeka kutunga nyimbo na kuzirekodi, kupitia mpango wa Healing in Harmony ulioletwa na Make Music Matter, shirika la Mkanada Darcy Ataman, kwa ushirikiano na watu wa Panzi wenyewe.

Utaratibu wake unaelezeka kwa maneno machache. Kundi la watu linakaa pamoja na mwanasaikolojia na fundi wa muziki. Wanazungumza, maneno yanaanza kuandikwa, maneno yanapata sauti, sauti inarekodiwa. Wanaoshiriki wanaitwa wasanii tangu siku ya kwanza. Lakini utaratibu mtu anaweza kuusoma kwenye karatasi, asijue bado kazi ya yule fundi ni nzito kiasi gani.

Tuanze na sauti. Wengi wa akina mama hawa wamekulia kwenye kwaya. Mama wa kwaya ana koo lenye nguvu, anajua kushika sauti ya pili bila kufundishwa, anajua lini aitikie. Mweke peke yake mbele ya maiki, na visikizio masikioni, sauti ile inanywea. Amezoea kuimba akiwa na bega la mwenzake karibu. Fundi asiye na subira atamwambia aongeze nguvu, aje karibu, arudie, arudie tena. Fundi mzuri huanza na kiitikio, kundi zima limesimama pamoja kama kanisani, na mtu mmoja mmoja anakuja baadaye, wakati wimbo umeshakuwa nyumba anayoijua. Hata ufunguo wa wimbo hupimwa kwake: gitaa na kinanda vinashuka au kupanda kumfuata, kama fundi cherehani anavyokata kitambaa baada ya kumpima mvaaji.

Halafu kuna lugha. Mashi, lugha ya Bashi, kama ndugu zake wengi wa eneo hili, ni lugha ya toni: sauti ya kupanda au kushuka ni sehemu ya neno lenyewe. Melodia ikipanda mahali neno linaposhuka, msikilizaji wa Kabare au Walungu anaweza kusikia neno jingine, au asisikie neno lolote. Kiswahili hakina shida hiyo. Ubeti wa Kiswahili unaweza kunyooshwa na kukunjwa kwa uhuru mkubwa. Kwa hiyo wimbo unaochanganya lugha hizi mbili, jambo la kawaida kabisa Bukavu, unamtaka fundi awe na masikio mawili: moja linaloachia, jingine linalotii. Ndiyo maana biti iliyotengenezwa mapema inaweza kuuharibu wimbo wa Mashi kabla haujaanza. Inadai maneno yakae mahali ambapo lugha haikuyaweka.

Na zipo shida za mji mzima: umeme unaokatika katikati ya ubeti, jenereta la jirani, mvua ya Kivu juu ya mabati. Kila fundi wa hapa anazijua na anajipanga nazo. Ila katika chumba cha namna hii kukatika kwa umeme kuna uzito mwingine. Kuna ubeti ambao mtu ameusema kwa shida mara moja, na si haki kumtaka auseme tena kwa sababu kompyuta imezimika. Kazi inahifadhiwa kila baada ya dakika chache. Huo nao ni ustadi, ingawa hausikiki popote kwenye wimbo.

Kusema kwa wimbo lile lisilosemeka kwa mdomo mtupu kulikuwapo hapa muda mrefu kabla ya maiki. Mwaka 1951 na 1952 mtafiti Mmarekani Alan Merriam alifanya kazi katika Kongo ya wakati ule, miongoni mwa Bashi pia. Katika kitabu chake The Anthropology of Music cha mwaka 1964 anasimulia juu ya wasichana wa shamba la kahawa huku Kivu, ambao mwajiri wao alikuwa ameacha kuwagawia chumvi na mafuta. Hawakumwendea mwenye shamba ana kwa ana. Malalamiko yao yote waliyatia kwenye wimbo. Bashi wana pia lulanga, ubao uliochimbwa wenye uzi mrefu uliopitishwa mara kadhaa juu ya uwazi wake, ala ya sauti ya chini inayomlazimu msikilizaji akae karibu na anyamaze. Mpiga lulanga hasimulii kwa kelele. Nadhani fundi wa Panzi ni wa ukoo huo, hata kama mbele yake kuna kompyuta: anajua kushusha ala mpaka maneno yapite.

Hapa nina msimamo, na si kila mtu atakubaliana nami. Wapo wanaoona kwamba katika kazi ya kuponya ubora wa kurekodi ni anasa. Mtu alie, aimbe, apate nafuu, simu ya mkononi inatosha. Sikubali. Wimbo uliorekodiwa vibaya unasikilizwa kwa huruma, na huruma akina mama hawa wamepewa tele. Wimbo uliorekodiwa vizuri unasikilizwa kwa sababu ni mtamu. Maison Dorcas ingekuwa inawafundisha kushona nguo zilizopindapinda, nani angesema ni sawa kwa kuwa mshonaji ameteseka? Kwa hiyo besi iliyokaa sawa, sauti ya pili isiyoteleza, pumzi iliyoachwa mahali pake, vyote hivyo ni sehemu ya tiba.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 kuhusu mpango huu kijijini Mulamba, Kivu Kusini, ulionyesha kwamba wasiwasi, huzuni na maumivu ya kumbukumbu vilipungua kwa wanawake walioshiriki. Watafiti walipima nafsi za watu, na walifanya vizuri. Kazi ya fundi inapimwa kwingine. Nyimbo za mpango huu hupelekwa kwenye redio na kuimbwa katika maonyesho mbele ya watu wa mtaa. Nyingine zimetoka kupitia A4A Records, lebo yenye ushirika na Warner. Na Bukavu ni mji wa redio, iwe nyumbani, dukani au kwenye teksi. Msikilizaji wa mtaa wa Kadutu anayepanga nyanya zake sokoni hajui studio ilikuwa wapi wala mwimbaji amepitia nini. Anaujua wimbo tu. Ukimchosha atahamia stesheni nyingine, na ukimpendeza atashika kiitikio.